Naibu Kwenye Kiti cha Dereva

Pale karakana, aliyekumbuka jina lake halisi ni karani wa mishahara peke yake. Wengine wote walimwita Kimya, naye aliitika, kwa sababu kuitika kulikuwa kufupi kuliko kubisha. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye mikono mikubwa ambayo haikujua ikae wapi ikikosa spana. Ukimsalimia alikujibu vizuri tu, kisha akaanza kuangalia viatu vyako, kana kwamba salamu imetoka huko.

Ujana wake wote aliishi na injini. Aliweka ncha ya bisibisi juu ya chuma, mpini akauweka sikioni, akafumba macho, na baada ya muda akatoa neno moja. "Beringi." Au, "Pampu." Kisha akanyamaza. Watu walipofungua injini walikuta beringi, ama walikuta pampu, na siku moja moja walikuta kitu kingine kabisa, lakini kwa kuwa hakuwa amejisifu, hakuna aliyepata cha kumcheka. Ni wakati huo ndipo alipooa. Mkewe alikuwa msusi, mwanamke wa maneno mengi na matamu. Mashoga zake walipomuuliza amempendea nini yule bubu, alijibu kwamba mwanamume anayesikiliza injini namna ile hawezi kushindwa kumsikiliza mke.

Halafu magari yakabadilika. Karakana ilikuwa ya wakala wa kampuni moja kongwe ya kuunda magari, kampuni iliyojua chuma tangu enzi za mababu. Magari yake mapya yalikuja na maboksi madogo ya kompyuta kila pembe, na kila baada ya muda makao makuu yalituma programu mpya za kuyarekebisha. Kwa lugha ya karakana, kazi hiyo iliitwa kulisha gari. Unachomeka waya chini ya usukani, unaunganisha na kompyuta, unabonyeza, unangoja. Bosi alitafuta mtu mtulivu wa kuifanya. Macho yote yakamgeukia Kimya, naye, kama kawaida yake, akachelewa kukataa.

Tatizo ni kwamba magari hayo yalikuwa na ugonjwa wa usingizi. Kiti cha dereva kikikosa mtu kwa muda mfupi tu, gari linajiona limeegeshwa, na ili kutunza betri, linajizima. Likijizima katikati ya kulishwa, boksi lililokuwa linakula linakufa, na boksi likifa gari zima linakuwa kabati la chuma lenye matairi. Basi waundaji wakatoa amri: gari likilishwa, fundi akae kwenye kiti cha dereva mwanzo mpaka mwisho. Na mwanzo ulikuwa asubuhi, ila mwisho hakuna aliyejua uko wapi.

Aliyeleta nafuu ni mpiga rangi, mtu mwembamba mwenye mdomo mpana, ambaye hakuwahi kuona amri bila kuona na uchochoro wake. Alichukua gunia, akalijaza mchanga, akaliketisha kwenye kiti na kulifunga mkanda. Gari likapokea bila kinyongo. Lakini bosi alikuwa na dirisha ghorofani, na kila alipomaliza chai alichungulia kuona kama fundi yupo. Kwa hiyo mpiga rangi alilivisha gunia koti la karakana, akaliwekea kichwa cha matambara na kofia iliyoshuka mpaka puani. Uzito ulikuwa wa gari, koti lilikuwa la bosi. Wakalipa jina la Naibu, na Kimya akapata uhuru wa kwenda msalani kama binadamu wengine.

Ila Naibu alikuja kwa kuchelewa. Kabla yake kulikuwa na miezi mingi ya Kimya kurudi nyumbani giza limeingia, na mkewe akimngoja mlangoni. Akiulizwa alikuwa wapi alisema, "Gari." Akiulizwa gari lilikwenda wapi alisema lilikuwa limesimama. Akiulizwa sasa yeye alikuwa akifanya nini katika gari lililosimama, alifikiri kwa muda mrefu, kwa uaminifu kabisa, na kusema, "Nilikaa."

Sasa mtu mwingine angeweza kuyameza hayo, lakini mke wa Kimya alikuwa na saluni, na saluni ni mahali ambapo kila mume amekwisha kuhukumiwa kabla nywele hazijakauka. Wateja walisikiliza habari ya gari lililosimama, wakatazamana kwenye kioo. Mmoja aliuliza tu, kwa upole, kama hilo gari lina viti vya kulala. Wiki hiyo hiyo mke alifungasha begi akarudi kwao. Alimwambia mama yake kwamba hataki vikao vya wazee wala mashauri. Anachotaka ni mtu mmoja mwenye akili timamu aende akaione hiyo kazi ya kukaa. Ikiwa ni kweli, atarudi. Ikiwa ni uongo, atakwenda kuchukua na vyombo vyake.

Mtu mwenye akili timamu katika familia ile alikuwa mama mwenyewe. Alikuwa mkunga mstaafu, mama wa sauti ndogo na macho yasiyopepesa. Katika miaka yake ya kazi alikuwa amewasikiliza wanaume wengi kwenye veranda ya wodi ya wazazi, wakieleza kwa nini wamefika wakati mtoto amekwisha kunyonya, na alijivunia kuujua uongo wa mwanamume kwa pumzi inayotangulia. Asubuhi moja alijitanda, akachukua mkoba, akaenda karakana bila kumwambia mtu.

Alimuulizia mkwe wake getini, na mlinzi akamwonyesha gari la fedha lililokuwa katikati ya uwanja. "Mkwe wako yule pale, mama, amekaa."

Na kweli alikuwa amekaa. Mama alitembea taratibu akasimama mbali kidogo, kwa heshima, kama inavyompasa mtu na mkwewe, akangoja ashuke aje kumwamkia. Hakushuka. Mama akakohoa. Akasogea, akakohoa tena, kikohozi cha mtu anayejua kwamba amesikika. Yule aliyekuwa ndani akaendelea kutazama mbele, kofia puani, mikono mapajani. Mwishowe mama, mtu mzima yule, alijishusha akaanza yeye. "Hujambo, baba?"

Naibu hakujibu. Hakuwa na ubaya wowote na mama yule.

Kimya alitoka stoo akiwa amekumbatia chaja ya betri, akakuta mpiga rangi ameketi juu ya tairi akijishika mbavu. Mpiga rangi alimweleza kwa raha zake zote kwamba mama mkwe amekuja, amesimama, amekohoa mara mbili, amesalimia yeye mwenyewe kwa mdomo wake, na kwamba Kimya amemchunia hadi ameondoka.

"Nimemchunia mimi?"

"Wewe, na koti lako, na kofia yako. Yupo getini, amekalia benchi la mlinzi, anapumua kama pasi ya mkaa."

Kimya aliweka chaja chini akaanza kukimbia, kisha akasimama. Kilikuwa kimemjia kitu, na mpiga rangi, ambaye kilimjia mapema zaidi, alimsaidia kukisema. Akienda kumwambia mama kwamba yule ni gunia, atakuwa amejisafisha na lawama ya utovu wa adabu. Lakini papo hapo mama atauliza, ikiwa gunia ndilo linalokaa, mkwe wake alikuwa wapi jioni zote zile? Na asipomwambia ni gunia, basi kazi ya kukaa ni ya kweli tupu, mama ameiona kwa macho yake, ila anayeifanya ni mshenzi asiyeitikia salamu za mama mkwe.

"Chagua kosa, kaka," alisema mpiga rangi. "Yote mawili yanakufaa."

Kimya alichomeka kwanza chaja kwenye betri, maana gari la watu ni gari la watu. Kisha akaenda getini akiangalia chini, akasimama mbele ya viatu vya mama mkwe wake.

"Shikamoo, mama."

Mama aliacha salamu ining'inie hewani kwa muda uleule ambao ya kwake ilikuwa imening'inia. Halafu akasema, "Marahaba. Kumbe unaongea."

"Mama, yule si mimi. Ni gunia."

Mlinzi alijishughulisha na kufuli. Mama alimtazama mkwewe usoni, akatafuta ile pumzi inayotangulia uongo, asiione, jambo lililomsumbua. Akasimama akaenda mpaka kwenye gari. Kupitia dirisha lililokuwa wazi kidogo aliingiza mkono, kwa kidole akainua kofia. Akaona matambara. Akairudisha kofia polepole, akaiweka sawa, kama mtu anayemfunika mgonjwa.

"Nimelisalimia," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Nimelisalimia gunia, mimi." Kisha macho yakamgeukia, na Kimya akajua kwamba swali linakuja. "Basi huyu ndiye anayekaa. Wewe ulikuwa wapi?"

Alijitahidi. Alisema gunia ni la juzi tu, kwamba zamani alikaa mwenyewe, na kwamba hata sasa haendi mbali kwa sababu gari linauliza. Boksi moja likimaliza kula, kompyuta inauliza kama iendelee na jingine, na usipobonyeza upesi inafuta yote. Mama aliyasikiliza kisha akatoa simu yake mkobani akamwonyesha. Simu hii, alisema, inajibadilisha yenyewe usiku akiwa amelala. Haimwombi akae juu yake. Asubuhi anaikuta imemaliza na inamshukuru. Ndogo kama hii, ya bei ya kawaida kama hii. Leo aambiwe kwamba gari la bei ya nyumba linashindwa na simu?

"Linashindwa, mama," alisema Kimya.

Huenda ni hilo jibu, lililokosa pambo lolote, ndilo lililomzuia mama kuondoka. Alisema vizuri, atakaa yeye mwenyewe aone. Na Naibu ashuke, maana hawezi kushinda na mtu wa namna hiyo.

Kumshusha Naibu haikuwa kazi ndogo, kwa kuwa kiti hakikutakiwa kubaki kitupu. Mpiga rangi alivuta gunia kwa mlango mmoja huku Kimya akijipenyeza kwa mwingine, na kwa kitambo fulani mwanamume na gunia walikalia kiti kimoja, mmoja juu ya mapaja ya mwenzake, mkanda ukiwabana wote, mama mkwe akitazama. Gunia likatoka na kiatu cha Kimya. Mama aliingia kiti cha nyuma, akauweka mkoba pembeni yake, akasema, "Haya."

Hapo likatokea jambo ambalo Kimya hakulitarajia. Aliona kwamba anaweza kuongea. Mama alikuwa nyuma, yeye mbele, hakuna aliyemwona mwenzake. Mbele yake palikuwa na kioo na ukuta wa karakana, na ukuta haukumtazama. Mama alipouliza kwa nini yanachukua muda hivyo, alifungua mdomo kujibu kwa neno moja kama alivyozoea, na neno likatoka na ndugu zake.

Alieleza kwamba kampuni hizi kongwe hazikuanza na kompyuta, zilianza na chuma. Ziliunda gari zuri kabisa, kisha watu wakataka madirisha ya umeme, wakaongeza boksi la madirisha. Wakataka breki zisizoteleza, wakaongeza boksi la breki. Redio, boksi. Milango, boksi. Ni kama nyumba iliyoongezwa chumba kila mtoto alipooa, mpaka anayetaka kwenda jikoni lazima apite chumbani kwa babu. Hakuna aliyekaa chini akaichora upya, maana kila mwaka kulikuwa na harusi.

"Na babu yuko kitandani," alisema mama.

"Yuko kitandani, mama. Na amefunga mlango."

Maana hayo maboksi, aliendelea, kampuni haiyaundi yenyewe. Boksi la breki linanunuliwa kwa mtu huyu, la taa kwa mtu yule, na kila mmoja ameandika programu yake kwa siri yake na kuifungia. Mwenye kuunda gari akitaka kubadilisha mstari mmoja anakwenda kubisha hodi kwa mwenye boksi. Mwenye boksi anasema subiri. Akimaliza, inabidi wajaribu kama lile la taa halikuchukia. Likichukia wanaanza tena. Na huwezi kuwalaumu sana kwa uoga, kwa sababu simu ikikosea inakosea mkononi, lakini breki ikikosea inakosea barabarani. Wale wa kampuni mpya, waliokuja juzi bila chuma cha urithi, waliweka bongo moja tu kubwa la gari zima, wakilituma neno linapita hewani usiku kama kwenye simu. Hawa wa zamani wanalituma kupitia waya mwembamba uliowekwa kwa ajili ya kusema washa na zima. Ni kulisha ng'ombe kwa kijiko.

Kompyuta ikalia. Kimya akabonyeza. Mama akainua shingo. "Limefika wapi?"

"Limemaliza milango. Linaingia kwenye taa."

Mama aliitikia kwa mguno wa kikazi. Kungoja alikujua. Alikuwa amewangoja watoto wa nusu ya mji ule, na baada ya muda alianza kuuliza kila kompyuta ilipolia, kwa sauti ileile aliyokuwa akiwaulizia wanafunzi wake wodini. Aliuliza pia kwa nini wakubwa wasibadilishe hayo mambo, na Kimya akasema wakubwa wa kampuni wamekulia kwenye chuma. Kwao gari likishatoka getini kiwandani limekwisha, kama mkate uliotoka tanuri, na habari ya kuuoka tena ukiwa mezani kwa mteja inawachefua. Bosi wa karakana naye, ambaye wakati huo alikuwa akipita na kikombe chake na kufurahi kumwona fundi akiwa na mteja, aliinama dirishani akasema neno la usalama na ubora. Mama alimuuliza kwa adabu kama asingependa magari yajilishe yenyewe majumbani. Bosi alicheka kidogo, akaangalia uwanja wake wote uliojaa, akasema polepole kwamba hapo basi uwanja huu wangeanikia nguo. Akaenda zake.

Jua lilikuwa limepita utosi walipokaribia mwisho. Mama alikuwa ameegemea mbele, mkono juu ya kiti cha mkwewe. Maboksi yote yalikuwa yamekubali, limebaki moja. Kompyuta ikalia, lakini mlio mwingine, wa huzuni. Kimya akasoma, akafumba macho.

"Limekataa."

"Lipi?"

"La mwisho. La kupasha viti joto."

Nje jua lilikuwa linakaanga mabati. Mama alitafakari. Alitaka kuelewa vizuri, alisema, asije akamsingizia mtu. Breki zimekubali. Taa, milango na usukani vimekubali. Kilichokataa ni cha kupasha makalio?

Kimya, aliyesikia neno hilo kwa mama mkwe wake, alitamani awe gunia. "Ndiyo, mama. Na moja likikataa, yote yanarudi nyuma. Tunaanza upya."

Mama aliyalaani makao makuu, kwa utaratibu, kuanzia mlangoni. Kisha akamwambia mkwewe aanze tena, na safari hii aanze na hicho cha viti, kikione.

Ni katikati ya awamu hiyo ya pili simu yake ilipolia. Alikuwa ni mumewe, dereva wa malori mstaafu, aliyekuwa amerudi nyumbani na kukuta jiko baridi. Kimya alisikia upande mmoja tu wa maongezi, lakini ulitosha. Mama alisema yuko kwenye gari. Akasema hapana, haliendi popote. Akasema limesimama, tangu asubuhi. Akasema hapana, hayuko peke yake, yuko na mkwe. Kukawa na ukimya mrefu. "Tumekaa," alisema mama, na sauti yake ikaanza kupanda. "Nakwambia tumekaa, mume wangu. Linakula." Kisha akaitazama simu iliyokwisha kukatwa, macho yamemtoka.

"Hakuamini," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake marefu kusema kweli na kutiliwa shaka, na alilipokea jambo hilo vibaya sana.

Baba mkwe hakuja mwenyewe. Alimtuma binti yake, akimwambia aende karakana akamwangalie mama yake, kwa sababu ama anaumwa ama ameingiliwa na kitu. Binti aliacha kichwa cha mteja nusu kimesukwa, akachukua teksi. Mlinzi alipomfungulia geti hakumwambia neno. Msusi alipita nyuma ya gari, akafika ubavuni, na alikuwa ameinua mkono kugonga kioo aliposikia sauti.

Ilikuwa sauti ya mumewe na ilikuwa inaendelea. Ilipanda, ikashuka, ikarudia ule mfano wa maboksi na nyumba ya babu, ikajicheka. Msusi alikuwa ameishi na mwanamume yule miaka na hakuwahi kumsikia akimaliza sentensi mbili mfululizo. Mkono ukabaki hewani.

Mama alimwona. Mama mwingine angesema, mwanangu, karibu. Yeye aliegemea kiti kwa raha, akauliza kama vile anazungumza na dari, "Na haya yote, baba, mke wako ulimwambia?"

"Hapana," alisema Kimya.

"Ulikosa nini? Nafasi?"

"Niliona haya, mama." Aliusema ukweli huo kuuelekea ukuta. "Aliolewa na fundi. Nilikuwa nikigusa injini inaniambia inaumwa wapi. Sasa kazi yangu ni kuwa mzito. Nakaa ili gari lisilale. Mpiga rangi ameweka gunia mahali pangu, na gari halikuona tofauti. Ningemwambia hivyo mezani, anipakulie chakula?"

Mlango wa dereva ukafunguliwa. Kimya akageuka, akamwona mkewe amesimama hapo, na mwili ukafanya kitu ambacho akili haikuruhusu: akanyanyuka, akatoka nje.

Gari lote likatoa mlio mkali. Kompyuta ikageuka nyekundu.

"Kiti," alisema mama kwa sauti ya chumba cha kujifungulia, ambayo haijawahi kukaidiwa. "Binti, kalia kiti."

Msusi alikaa. Hakujua kwa nini, ila alikaa kwa nguvu zake zote, mkoba mapajani, mikono ikishika usukani. Mlio ukakatika. Wekundu ukafifia, na yale maandishi yakaendelea pale yalipokuwa. Mama akashusha pumzi. Kimya alibaki nje ya mlango, mikono ikitafuta pa kukaa.

"Sasa nifanye nini?" aliuliza mkewe, bila kumtazama.

"Hakuna. Kaa hivyohivyo."

"Mpaka lini?"

"Mpaka likubali."

Alizunguka akaingia kiti cha mbele cha abiria. Wakatazama ukuta. Kompyuta ililia, Kimya akamwonyesha pa kubonyeza, mkewe akabonyeza. Baada ya muda ililia tena. Mara ya tatu alibonyeza bila kuonyeshwa, na hapo ndipo aliposema, kwa sauti ndogo ambayo saluni haikuwahi kuisikia, kwamba yeye hakuolewa na injini. Na kwamba kilichomfukuza nyumbani hakikuwa kuchelewa, kwa maana mwanamke anaweza kungoja mtu achelewe. Kilichomfukuza ni lile neno moja. Amengoja jioni nzima, amemwekea chakula cha moto, halafu mtu anaingia anampa neno moja, kama mteja.

"Mama umempa nyumba nzima na babu ndani yake," alisema. "Mimi hukunipa hata boksi la redio."

Kimya, akiutazama ukuta, akaanza na boksi la redio. Mama nyuma alijifanya amesinzia.

Lile la kupasha viti lilikubali wakati mafundi wengine wanabadilisha nguo. Kompyuta ikatoa mlio wa furaha, na mama akapiga makofi mara moja kabla hajajikumbuka. Walishuka wakinyoosha miguu. Msusi aligeuka kulitazama gari, lile lile la asubuhi, la fedha, halikuongezeka wala kupungua.

"Limebadilika nini?" aliuliza.

Kimya alikuwa ameogopa swali hilo. Alisoma kwenye kompyuta, akasafisha koo. Alisema kulikuwa na hitilafu: ukifungua buti, kifutio cha kioo cha nyuma kinajiwasha chenyewe, kinafuta mara moja. Sasa hakitafuta tena.

Mkewe alimtazama ahakikishe kama ni mzaha. Alipoona si mzaha, kicheko kilimshika taratibu, kikaanzia mabegani, mpaka ikabidi aegemee mlango, na machozi yakamtoka. Mpiga rangi alikuja kuona kuna nini. Kimya naye alicheka kwa namna yake, bila sauti, meno yote nje.

"Twende nyumbani," alisema mkewe akijifuta. "Begi nitalifuata kesho."

Walikwisha kuanza kutembea kuelekea getini, wamekaribiana kuliko ilivyokuwa lazima, wakati mama, mtu asiyeondoka wodini bila kukagua, alipozunguka nyuma ya gari akafungua buti.

Kifutio kikanyanyuka, kikapita juu ya kioo kikavu, kikarudi kulala.

Mama alimtazama mpiga rangi. Mpiga rangi alitazama mawingu. Mama akafunga buti polepole, akalibana kwa kiganja mpaka likashika bila kelele, akajitanda upya na kuwafuata watoto wake. Kimya alikuwa amegeuka, sikio lake la zamani limenasa kitu. Akauliza kama kuna tatizo.

"Hakuna," alisema mama mkwe wake. "Tembea, baba. Mkeo anakungoja."